Fizio ya watu wa himofilia Kisumu: kazi safi, lakini ile ngazi jamani

Niseme mapema, nyota nne kwa tano, mwenye haraka aishie hapo aende zake. Wengine tukae kidogo, maana watu wa himofilia, ule ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, huku western tukiulizana fizio mzuri ni wapi jibu huwa ni kukuna kichwa halafu mtu anasema si uende tu Eldoret, na ni kweli MTRH, ile hospitali kubwa ya rufaa ya Moi, kuna kliniki ya himofilia na wengi wetu huko ndiko tuliambiwa tunaugua nini hasa, lakini kutoka Mbale hapa Vihiga mpaka Eldoret na goti limefura si safari ya kufanya kila wiki, na fizio ni kitu ya kurudi na kurudi, sio eksrei unapigwa mara moja unaenda nyumbani na bahasha.

Mimi niko na himofilia A, ile kali. Mtoto wa dadangu pia anayo, sasa hivi yuko gredi ya saba. Hii kitu hupitia kwa akina mama, mama yetu aliibeba bila kujua, mimi nikazaliwa nayo, dadangu akaibeba, kijana wake akazaliwa nayo, na wale majirani wanaosema ni laana ya ukoo wacha waendelee, watachoka. Fakta eiti, ile protini ya kugandisha damu, kwa damu yetu haifiki hata asilimia 1 ya ile mtu wa kawaida anayo, kwa hivyo sio lazima uanguke ndio uvuje, unaweza kulala mzima uamke goti ni tikiti maji. Magoti, viwiko na vifundo vya miguu ndio huumia sana. Kila damu ikiingia ndani ya jointi ule utando wa ndani unavimba, ukivimba unavuja rahisi zaidi, ukivuja unavimba tena, na hiyo biashara ikirudiarudia gegedu linaisha pole pole mpaka mfupa unasugua mfupa. Jointi moja ikivuja yenyewe mara 3 ndani ya miezi 6 madaktari wanaiita taget jointi. Kijana wetu goti lake la kulia lilikuwa limefika hapo. Langu la kushoto lilipita hapo zamani za Moi na halinyooki mpaka leo.

Kwa hivyo tulienda wawili, goti bichi na goti la kale, na fizio alitutibu tofauti kabisa, ndio maana nimeona niandike kwa urefu.

Jina lake siweki hapa, mwenyewe aliomba nisimtangaze kwa sababu yuko peke yake na foleni ni ndefu tayari. Uliza kliniki yako ya himofilia, wanamjua, watakupa namba. Iko Kisumu mjini katikati, juu ya duka la vifaa vya umeme. Sisi wa upande huu mat inapita Kiboswa, Mamboleo, Kondele, ukifika steji unachukua boda na umwambie aende taratibu, kwa sababu matuta ya barabara na goti limejaa damu ni maadui.

Sasa kazi yenyewe. Kitu ya kwanza huyu mama alifanya ni kutotugusa. Alikaa na kalamu akaanza maswali, ni A ama B, ni kali ama ya wastani, kijana alichomwa fakta mara ya mwisho lini na ilikuwa kiasi gani, ameshapimwa inhibita. Hapo kwa inhibita ndio nilijua tumefika mahali. Kama hujui, inhibita ni pale mwili unaanza kupigana na fakta yenyewe, unachoma na haifanyi kazi, na inaweza kupata mpaka watu 3 kati ya 10 wenye A kali. Fizio asiyeuliza hilo swali anaweza kukufanyisha zoezi akidhani umelindwa kumbe hujalindwa.

Halafu akamwambia kijana apande kitandani. Akaweka mgongo wa mkono wake juu ya goti la kulia, akahamisha kwa la kushoto, akarudisha kwa la kulia akatulia hapo kama dakika nzima haongei. "Hili bado lina moto," akasema. Akatoa utepe wa fundi cherehani, akazungusha kwa goti, akapanda juu akazungusha kwa paja, akafanya vivyo hivyo mguu ule mwingine, na hapo ndio mimi mwenyewe niliona kitu ambacho tumekuwa tukikiangalia kila siku nyumbani bila kukiona, paja la upande mbaya lilikuwa limekonda. Goti likivuja msuli wa paja unazima, mtoto haukazi kwa sababu anaogopa uchungu, wiki kidogo tu umeisha, na msuli ukiisha goti halina wa kulishika, linavuja tena. Akachukua kile kirula cha plastiki chenye mikono miwili, akapima goti linakunja mpaka digrii ngapi na linanyooka mpaka wapi, akaandika kwa kitabu cha kijana, sio kwa karatasi yake ya kuweka faili. Kitabu tunarudi nacho nyumbani.

Akamaliza akasema leo hakuna mazoezi.

Dadangu alikasirika, nauli imetoka, shule imekosekana, na mtu anasema hakuna mazoezi! Lakini alitueleza vizuri, hii ni blidi, yaani damu inavuja ndani, na bado inaendelea, nendeni kliniki achomwe fakta kwanza, apumzishe mguu, barafu iliyofungwa kwa taulo dakika 10 mpaka 15 halafu itolewe, atembee na magongo asikanyage, maumivu ni panadol na sio brufen wala diklofenaki kwa sababu hizo zinaharibu kuganda kwa damu, mkirudi joto limeshuka ndio tutaanza. Na alichukua nusu ya pesa ya kikao. Mimi nimezunguka na hili goti tangu utotoni na sijawahi kuona mtu wa afya anarudisha nusu.

Linganisha na kule tulikuwa tumempeleka kijana mwaka jana, hospitali sitaitaja. Fizio wa huko aliambiwa wazi huyu ana himofilia, akasema najua, hata mimi nimesoma, akamwekea kitambaa cha moto juu ya goti lililovimba, baadaye akashika mguu akaanza kuusukuma ukunje kwa nguvu huku mtoto anauma midomo. Jioni goti lilikuwa mara mbili. Moto unafungua mishipa ya damu, sasa mtu anayevuja unamfungulia mishipa ya nini? Na kusukuma goti lililokaa limepinda kunaweza hata kusukuma mfupa wa muundi urudi nyuma utoke mahali pake. Kuna pia wale wa kuchua na mafuta kule kijijini, mtoto akilia wanasema ndio dawa inaingia. Hao wamelemaza watu wetu wengi na huwezi hata kuwashtaki maana ni shangazi zako.

Basi tulirudi baada ya uvimbe kushuka. Zoezi la kwanza lilikuwa dogo mpaka kijana alicheka. Analala chali, taulo imeviringishwa nyembamba inawekwa chini ya goti, anaambiwa ponda taulo na goti, kaza paja, unaona kile kifupa cha goti kinapanda, hesabu mpaka tano, achia. Hiyo tu. Baadaye kuteleza kisigino kwa kitanda kuja na kurudi, yeye mwenyewe, fizio hasukumi, na hii naisema kwa herufi kubwa kama ningeweza, HASUKUMI, mguu unaenda mpaka pale mwenye mguu anaupeleka. Wiki zilivyoenda ikawa kusimama mguu mmoja ameshika meza, halafu bila kushika, halafu macho yamefungwa, kwa sababu jointi ikivuja inasahau iko wapi na inabidi ifundishwe upya, ndio maana watoto wetu hujikwaa kwa sakafu isiyo na kitu. Mwisho ngazi, kupanda na kushuka.

Vifaa hakutuuzia, hapo nampa alama nyingine. Wengine wanakuuzia mpira wa kuvuta wa rangi rangi bei ya mbuzi. Yeye alisema nendeni kwa fundi baiskeli awape tyubu kuukuu, ikatwe ndefu, ifungwe kwa mguu wa kitanda. Uzito wa kifundo ni nusu kilo ya chumvi ndani ya soksi. Kijana anafanya jioni akiangalia katuni.

Siku za kuja zilipangwa na siku za fakta, anachomwa asubuhi halafu ndio tunakuja, kwa sababu fakta eiti ya kawaida nusu yake inaisha kwa saa 8 mpaka 12 hivi, ukija kesho yake jioni unafanya mazoezi na tangi tupu. Fakta yenyewe tunayopata sisi ni ya msaada, kupitia World Federation of Hemophilia, kwa hivyo haichezewi, ikikosekana alikuwa anapunguza mazoezi badala ya kulazimisha. Wale wako kwa emisizumabu, dawa nyingine ya kuzuia kuvuja, ile sindano ya chini ya ngozi ya kila wiki au kila wiki mbili au nne, wana uhuru zaidi wa kupanga siku, lakini aliwaambia pia wasijione chuma, ukigongwa bado unavuja.

Kitu ambacho nadhani ndicho cha maana kuliko mazoezi yote ni kwamba amemfundisha kijana kusoma goti lake. Blidi huanza na kitu kama kutekenya au kububujika ndani, halafu joto, halafu kukaza, na inazidi haraka, goti linataka kukaa limekunjwa. Maumivu ya jointi iliyochakaa ni mengine, asubuhi imekauka, ukitembea kidogo inalegea, ukifanya kazi sana jioni inalalamika. Tiba ni tofauti, ile moja ni fakta haraka, hii nyingine kuichomea fakta ni kumwaga fakta. Juzi alinipigia simu akasema, "Anko, leo linauma lakini sio la damu, ni vile tulisimama paredi." Gredi ya saba huyo. Mimi hiyo tofauti niliijua nikiwa na ndevu.

Na mpira? Kijana aliuliza mwenyewe siku ya kwanza kabla ya salamu. Akaambiwa kugongana hapana, kuogelea ndio, na barua ya mwalimu wa michezo ikaandikwa hapo hapo ikapigwa muhuri. Kuogelea ni swimingi puli tafadhali sio ziwa, ziwa letu tunalipenda lakini lina kichocho na viboko. Puli za hoteli za Kisumu mtoto analipa kuingia, kwa hivyo ni mara chache, wazazi mkijipanga kikundi wanaweza kuwapunguzia.

Sasa goti la mzee. Mimi nilienda na matumaini ya kijinga kidogo, nikidhani ndani ya miezi nitanyooka nivae suruali kama watu. Alinipima jointi zote 6, magoti, viwiko, vifundo, kuna fomu ya alama za afya ya jointi inaitwa HJHS na juu kabisa ni 124, huu mtihani anayepata sifuri ndiye amepita. Yangu naweka siri. Akakaa akaniambia straiti, "Mzee, hili halitanyooka kwa mazoezi, limekaa hivi miaka mingi sana, na nikilivuta nitalivunja." Kuna upasuaji wa kubadilisha goti lakini kwa mtu wetu hiyo ni kazi ya hospitali kubwa yenye fakta ya kutosha kabla na baada, sio mambo ya kuamua kwa fizio. Akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, ni kazi gani unataka kufanya na hili goti? Nikasema kupanda mat bila kuvutwa na makanga, na kusimama dukani mpaka saa kumi na mbili. Basi akafanyia hiyo.

Aliuliza pia zamani goti likivimba nyumbani walikuwa wananifanyia nini. Nikamwambia mama alikuwa anawekea mto chini ya goti nilale, kwa upendo kabisa, wiki nzima. Akatikisa kichwa. Siku ya kwanza ya maumivu makali goti likae linavyotaka, sawa, lakini mto ukibaki hapo damu ikikauka goti linaganda limekunjwa, na hivyo ndivyo watu wengi wa rika langu tulipinda. Akina mama mnaosoma, mto mkiweka wekeni kwa muda, sio mahali pa kulala mwezi.

Mguu uliopinda unakuwa mfupi, mfupi unapindisha kiuno, na mimi mgongo ulikuwa unaniua kuliko goti. Akanisimamisha akaweka vipande vya mbao nyembamba chini ya kisigino mpaka nyonga zikalingana, akaandika sentimita ngapi, nikapeleka karatasi kwa fundi viatu Kibuye akaongeza soli kwa kiatu cha kushoto, shilingi 300. Mia tatu! Mgongo ulitulia kuliko dawa zote nilizomeza. Fimbo pia nilikuwa nashika upande ule wa goti bovu kama kila mtu anavyoshika, kumbe inashikwa mkono wa upande mzima, ndio inabeba uzito. Magongo mawili alikataa kwangu, viwiko vyangu vimechakaa na magongo yangevimaliza.

Goti bado limepinda. Mat napanda mwenyewe.

Haya, nyota iliyopotea imepotelea wapi. Ngazi! Kliniki ya magoti iko ghorofa ya pili na lifti hakuna, nimeona mzee wa stroki anabebwa na wajukuu wawili pale. Ukimwambia anasema kodi ya chini ni kali, naelewa, lakini bado ni ngazi. Bei ni 1,500 kwa kikao, keshi au M-Pesa, bima ya SHA hawachukui hapo, na kwa familia yenye wagonjwa wawili hiyo inauma, ingawa akiona umeshika mazoezi anakusukuma mbele mkutane baada ya wiki kadhaa badala ya kukukamua kila Jumatatu. Miadi ya saa nne unaonwa saa tano na nusu. Karatasi ya mazoezi ni ya Kiingereza tupu, na anayemsimamia kijana nyumbani ni nyanya yake, kwa hivyo dadangu ilibidi akae aandike upya. Kitanda ni kimoja na pazia halifiki chini, kijana wa miaka 13 amevaa kaptura na mlango unafunguliwa kila saa, hapendi, na ana haki.

Halafu kuna yule kijana wa mapokezi. Fizio akiwa ndani yeye anakuuzia ofa ya masaji ile ya kukandamiza sana, aliniambia "mzee hiyo misuli inataka kuvunjwa." Mtu wa himofilia kukandamizwa misuli bila fakta ni kutafuta blidi ya msuli, na mama mgeni anaweza kukubali akidhani ni sehemu ya tiba. Nilimwambia fizio, akamwita akamkaripia mbele yetu, lakini lile bango la ofa bado liko ukutani.

Kama uko mbali na Kisumu na unataka kumjaribu fizio wa kwenu, hakikisha kwanza amesajiliwa na Physiotherapy Council of Kenya, halafu usimwambie kitu, nyamaza tu usikilize atauliza nini. Akikimbilia goti kabla ya kuuliza fakta, chukua mfuko wako. Na sio kila kitu ni cha fizio. Maumivu ya kinena, mtu hawezi kunyoosha mguu anatembea ameinama, paja linakufa ganzi, hiyo inaweza kuwa damu kwa ule msuli mkubwa wa ndani ya nyonga, hapo ni hospitali na fakta na ultrasaundi, mazoezi ni baadaye sana. Shavu la mguu likikaza likawa gumu na vidole vinakufa ganzi, hospitali. Kichwa kikigongwa, hospitali hata kama anacheka.

Mkienda bebeni kitabu cha fakta, vaeni kaptura pana, na mpige simu asubuhi kabla ya kupanda mat, kwa sababu kuna siku huwa anatembelea wagonjwa manyumbani na yule kijana wa mapokezi hakwambii mpaka umalize ngazi zote.